Kwa Kapend, Aliyefunga Maji ya Stesheni

Kapend,

Sikuandikii "ndugu". Nilianza hivyo mara mbili, na mara mbili nikachana karatasi. Sasa karatasi imebaki hii moja, kwa hiyo naweka jina lako tu.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule fundi wa treni. Alinikuta hapa stesheni ya Mwene-Ditu, Kasai, nikishusha magunia ya mahindi, maana hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Niliisoma nimekaa juu ya gunia. Unasema maji hayafiki tena sité, mitaa yetu ile, na huu ni mwezi wa tano. Unasema mmechimba mashimo kumi na moja na hamkukuta kitu ila udongo mkavu. Watu wanateka maji ya mtaro unaotoka mgodini, watoto wanaharisha. Unasema: wewe ndiwe ulikuwa sikio letu, niambie bomba limepasukia wapi. Halafu ukapiga mstari chini ya maneno haya: nijibu mimi peke yangu, mwingine asijue.

Sababu ya siri hiyo fundi wa treni alinieleza bila mimi kumwuliza. Shefu ametangaza kwamba atakayelipata tundu la bomba ndiye atakuwa kapita, msimamizi wa watu wa maji.

Na mwisho kabisa, pembeni, ukaandika: nisalimie Mama.

Nitakujibu, Kapend. Lakini barua hii haina gundi. Fundi wa treni ameniahidi ataipeleka Travo, kwenye ofisi yetu ya kazi za mji, asubuhi, saa ya kuitana majina, na ataisoma kwa sauti mbele ya watu wote wa barabara, wa mitaro na wa maji. Nimemwomba pia amwite Mama Odile, jirani yetu wa zamani, aje asikie. Kwa hiyo, kama sasa hivi umesimama katikati ya watu na jina lako linasomwa, usiondoke. Wengine wetu pia tulisimama hapo hapo majina yakisomwa.

Unakumbuka siku uliyoingia Travo? Ulikuwa na viatu vya kuazima, vimekuzidi, unatembea kama bata. Shefu akakuweka na mimi kwa sababu ulikuwa na mabega. Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anashika ufunguo, ule mrefu wa chuma unaoshuka ndani ya shimo mpaka kwenye vani ya kufungia maji. Mwingine anasimamisha fimbo ya chuma juu ya ardhi, anaweka sikio juu yake na kusikiliza bomba chini. Mimi sikuzaliwa na sikio hilo. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa Travo kabla yetu. Shule niliacha darasa la nne, lakini kusikiliza nilimaliza.

Nilikupa fimbo ujaribu. Ukaweka sikio, ukafumba macho kama mtu anayesali, watu wote wakanyamaza kukungoja. Ukasema, "Mi sisikie kitu. Minasikia tu tumbo yangu."

Tulicheka mpaka shefu akatoka ofisini. Ndiyo maana siku ile nilikupeleka nyumbani kula. Mama alikuwekea bukari na sombe, akakutazama unavyomeza, akasema, "Kula, mwana. Mwenzako anasikia mayi, weye unasikia njaa. Yote ni kazi." Tangu siku hiyo ulimwita Mama. Hukusema Mama Ngalula kama jirani anavyosema. Ulisema Mama. Miaka sita ulikula kwake, na mara nyingine ulifika kabla yangu.

Nilikufundisha yote niliyoyajua. Nilikufundisha kwamba vani kubwa haifungwi kwa haraka. Mizunguko mitatu, unangoja, mitatu tena, unangoja, kwa sababu maji yanayokimbia ndani ya bomba ni kama kamyo lenye mzigo. Ukilisimamisha ghafla, linagonga. Mabomba ya sité ni ya zamani, yamewekwa kabla sisi hatujazaliwa. Ulijifunza vizuri. Mkono wako ulikuwa na subira kuliko ulimi wako. Na ulikuwa na tabia yako moja. Ukimaliza kufunga, uligonga ufunguo mara mbili kwenye chuma ili udongo uanguke. Nami kule mbali na fimbo yangu niliusikia mlio huo unakuja ndani ya bomba, nikajua Kapend amemaliza.

Halafu ukaja mwaka ule mbaya. Mgodi ulianza kuanguka na mji ukaanguka nao. Travo ilikuwa ya kwanza kusahauliwa. Mazuti ya magari hakuna. Lami hakuna. Greda likakaa uani mpaka majani yakaota kwenye kiti chake. Wanajeshi na watu walipopora mji, ofisi yetu nayo iliporwa, na waliokosa viti na madirisha walibeba makaratasi ya kuwashia moto. Ndani yake ramani zote za mabomba. Shefu alitukusanya kwenye ofisi isiyo na mlango akatuambia, "Bintu hatuna. Mikono tuko nayo."

Nami lazima niseme ukweli, hata leo na hasira hii: sijawahi kuipenda kazi kama mwaka ule. Tulijaza mashimo ya barabara kwa mawe meusi ya taka za shaba, tukayashindilia kwa gogo. Vifuniko vya mitaro vilipoibwa tulimwaga vya zege na kuweka vipande vya baiskeli ndani yake badala ya nondo. Mkokoteni ukawa gari la huduma, mimi navuta, wewe unasukuma, na watoto nyuma yetu wakiiga sauti ya injini. Na kwa kuwa ramani zimechomwa, sisi wawili tukawa ramani. Kutoka kona ya kanisa hatua arobaini. Kutoka ukuta wa soko hatua kumi na mbili, upande wa kulia. Shefu akija na mgeni kutoka ofisi ya meya alituonyesha kwa kidole, akasema plani za mji ni hawa hapa.

Unakumbuka lile bomba kubwa lililofunguka kwenye kiungo chake? Hatukuwa na mpira wa kuziba. Wewe ndiye uliyekwenda kukata mpira wa ndani wa tairi la kamyo, tukaukunja mara tatu, tukakaza kwa boliti za greda lile lililokufa. Siku tatu tulikuwa shimoni. Mama alituletea chakula pale pale, akakaa ukingoni na kuuliza maji yatafika kwake lini. Ukamjibu kwamba ya kwanza yatakuwa yake. Na kweli yalipotoka ulikwenda mwenyewe na ndoo ukamjazia, huku unajivuna kama umeyatengeneza wewe. Tukamwaga zege juu ya kiungo. Shefu akasema kazi hii itatuzika sisi sote.

Miezi michache baadaye wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba nchi ni ya wenyewe. Wazazi wangu walikuwa wa Kasai, lakini baba aliletwa mgodini kijana, na mimi nilizaliwa hospitali ya Kolwezi, kama wewe. Vijana wakaanza kutuita bilulu, wadudu. Kwanza sokoni, halafu kwenye kuta. Wewe ulikuwa unasema ni maneno ya walevi, yatapita. Uliyasema hayo mezani kwa Mama, mdomo umejaa.

Asubuhi ile ya majina tulipanga mstari uani kama kila siku. Shefu hakuja. Alikuja mtu tusiyemjua, na karatasi, na vijana sita nyuma yake na fimbo. Akasoma majina, na kila aliyeitwa akavuka upande wa pili. Wewe, Kapend, ulivuka. Tukabaki tisa, sote wa Kasai. Yule mtu akakunja karatasi, akatuambia tuliobaki kwamba treni yetu iko stesheni. Mmoja wetu akauliza kosa letu. Nilikutazama wewe, Kapend. Sikutaka upigane. Walikuwa na fimbo, ulikuwa na mke. Nilitaka tu unitazame. Ukawa unasafisha ufunguo kwa kitambaa, ufunguo ambao ulikuwa safi.

Hilo ningelisamehe. Nataka ujue hivyo, na hao wanaosikiliza wajue. Mtu anaweza kuogopa.

Tulikaa stesheni ya Kolwezi siku nyingi, maelfu ya watu, tukingoja treni ambayo kila siku haikuja. Tulilala kati ya reli, ndani ya ghala, chini ya mabehewa. Choo hakikuwepo. Lakini palikuwa na bomba moja lenye mifereji minne kwenye ukuta wa ghala, na bomba hilo ndilo lililotuweka hai. Watu walipanga mstari tangu asubuhi. Mimi nilimweka Mama pale karibu, kwenye kivuli cha ukuta, na godoro alilotuletea Mama Odile.

Siku ya nne, jua limesimama katikati, mfereji ukakohoa. Watu wakadhani ni hewa. Mimi nikaweka sikio kwenye chuma. Sikuhitaji fimbo. Nilisikia vani inazungushwa, haraka, bila kungoja hata mara moja, mzunguko juu ya mzunguko. Nikasema moyoni, huyu anafunga vibaya, bomba litagonga. Na likagonga. Ardhi ilitetemeka chini ya magoti yangu, na mbali kidogo kitu kikapasuka, mlio mmoja mnene kama gunia limeangushwa. Halafu kimya. Halafu, ndani ya bomba tupu, ngo, ngo. Mara mbili.

Udongo ukaanguka kutoka kwenye ufunguo wako, Kapend.

Sikuwaambia waliokuwa kwenye mstari. Wangekuja kukutafuta, na wangeuawa njiani. Nilirudi nikakaa na Mama. Akaniuliza mbona maji yamekwisha. Nikamwambia Travo wanatengeneza. Akasema, "Basi ni Kapend. Atafungua."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Siku nzima alisema hivyo. Kila mtu aliyelalamika karibu yake alimwambia angoje, mwanawe yuko kwenye kazi.

Watu wakaanza kunywa maji machafu ya mtaro wa kando ya reli. Mama Odile alituletea maji kutoka kisima cha misheni, bidoni kichwani, mara tatu kwa siku mbili, akipita katikati ya vijana waliolinda lango. Mara ya pili mmoja akamzuia njia, akamwuliza, "Mama, unabebea bilulu mayi? Batakulipa nini?" Naye hakushusha bidoni. Akamwambia, "Ule mama nabebea njo alikupokea mu mikono siku weye ulizaliwa. Toka mu njia." Kijana akatoka. Wenzake wakamcheka. Mara ya nne wakaipasua bidoni, na yeye wakamrudisha kwa fimbo.

Bidoni moja, watu wangapi? Mama aligawa na watoto waliokuwa karibu. Kisha naye akanywa ya mtaro wa reli, nilipokuwa nimekwenda kutafuta kuni. Alianza kuharisha jioni. Siku mbili. Mwisho alikuwa mwepesi hata nilimbeba kwa mkono mmoja. Alikufa asubuhi, na maji ya kumwosha sikuwa nayo. Alikuwa mwanamke ambaye hakuweza kuvumilia sahani yenye doa. Nilimfuta kwa kitambaa kikavu. Tulimzika nyuma ya ghala pamoja na wengine watano, nami ndiye niliyechimba, kwa sababu kuchimba ninajua. Treni ilipokuja hatimaye, nilipanda peke yangu.

Kwa hiyo, salamu zako sikuzifikisha.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nimejaribu kukutetea. Nimesema, walimwekea fimbo mgongoni. Nimesema, hakujua tuko pale. Lakini ulijua, kwa sababu mji mzima ulijua. Na kama walikuamuru ufunge, nani alikuamuru ufunge haraka? Mtu anayelazimishwa na anayejuta anafunga polepole, Kapend. Anaiba muda. Mizunguko mitatu, anangoja, anawaachia watu wajaze ndoo. Wewe ulitaka kumaliza uende. Na ukagonga udongo, kama siku yoyote ya kazi.

Halafu umeniandikia kwamba bomba limepasuka, kama vile limepasuka lenyewe. Shefu hajui. Watu wa sité hawajui. Umewaacha wachimbe mashimo kumi na moja, na wewe unajua ni siku gani na ni mkono gani. Ulichokosa ni mahali tu. Na mahali unaniomba mimi, ili uwe kapita.

Huku nako sina kwetu. Watu wa hapa wanatuita watu wa Katanga. Nikifungua mdomo kusema Tshiluba wananicheka, wananirudisha kwenye Kiswahili changu. Jana mwenye magunia aliniuliza ni nini hasa kinachoniuma, mbona nimerudi kwa mababu zangu. Nilimwambia mababu zangu hawajui hata jina langu. Ninalala kwenye ghala la mtu. Mgongo umekwisha. Kitu kimoja tu nilichotoka nacho Kolwezi hawakuweza kunipora langoni, nacho ni hiki unachokitafuta.

Nilifikiri kukaa nacho. Haki ya Mungu, siku kadhaa kilinipa joto. Nilijilaza usiku nikiwaona mnachimba, na nikasema, wachimbe. Waonje. Lakini fundi wa treni aliniambia kitu ambacho wewe hukukiandika. Mama Odile sasa anateka maji ya mgodi kama wengine, na mjukuu wake amelala mgonjwa. Mwanamke aliyepigwa fimbo kwa ajili ya maji yetu. Nikaona kwamba nikinyamaza, mkono wangu nao utakuwa kwenye ufunguo ule.

Basi sikilizeni ninyi nyote mliosimama uani.

Acheni kutafuta tope. Kapend anatafuta tope kwa sababu hajui kusikiliza. Anafikiri bomba likivuja ardhi italowa. Hapo halilowi. Nendeni kwenye njia panda ya reli, upande wa sité. Simameni kwenye nguzo ya chuma ya kizuizi, mgongo kwa reli. Hatua kumi na saba mbele, halafu tano kushoto. Mtakuta zege letu, lile la kiungo cha mpira wa tairi. Mnalijua, mlilipita kila siku, na mliliruka kwa sababu shefu alisema ni imara. Zege ni imara. Mpira ulio chini yake ndio uliotoka, kwa lile pigo; niliusikia nikiwa stesheni. Na chini ya kiungo kuna mtaro wa mawe wa zamani, mkubwa kiasi mtu anaweza kupita ameinama. Maji yenu yote ya miezi mitano yanaanguka humo na kwenda mtoni bila mtu kuyaona. Vunjeni zege kwa upande wa reli, si upande wa barabara, la sivyo mtaangukia mtaroni. Wekeni mpira mpya, kunjeni mara nne safari hii. Mtu wa kufungua vani asiwe Kapend.

Shefu, ukitaka kumpa mtu ukapita, fanya utakavyo. Tundu limepatikana na halikupatikana na yeyote kati yenu.

Mama Odile, ya kwanza yawe yako. Mama Ngalula alikufa akikutaja kwa jina. Amelala nyuma ya ghala la stesheni, kaburi la tatu kutoka ukutani. Ukipita, mwambie tu kwamba yamefunguliwa.

Na wewe Kapend. Nimeandika mpaka mwisho wa karatasi, na sijapata neno la kukusamehe, wala sikulitafuta sana. Chukua sururu uchimbe na wenzako. Mahali nimeshawaambia wote. Mimi sasa sijui kitu chochote unachokihitaji, na kwangu hakuna mtu wa kumsalimia. Huna tena sababu ya kuniandikia.

Tshibangu,
mtoto wa Mama Ngalula